Hivi dijitali ilitukomboa au tuliuziwa maboksi?

Mgebuka Mkavu: Wakuu mwakeye. Jana nilikuwa kwa bi mkubwa Katubuka hapa Kigoma namsaidia kusafisha stoo, nikakuta ving'amuzi vitatu vimekufa vimefungwa kwenye mfuko wa rambo na rimoti zake, na lile tivi letu la zamani la chogo la inchi 14 lipo sebuleni, limekuwa meza ya kuwekea flati. Nikajiuliza, ile zimazima ya analojia, matangazo ya tivi ya zamani kuzimwa tuhamie dijitali, tulioambiwa ni maendeleo ilitusaidia nini sisi wa kawaida? Zamani unanunua tivi, unachomeka antena, umemaliza. Saivi tivi, king'amuzi, antena, kifurushi, na bado. Tujadili bila matusi tafadhali.

Fundi wa Gungu: Tatizo lenu mnasahau upesi. Analojia ilikuwa bure ndio, ila bure ya chenga. Mi nimepanda sana mabati ya watu hapa mjini, nazungusha antena kwenye mwanzi, mtoto kasimama mlangoni anapokea maneno ya babake huko ndani, "bado... bado... hapohapo! aah kapoteza", ukiachia tu mwanzi picha inaondoka, kumbe we mwenyewe ndo ulikuwa antena. Dijitali haina hayo, ama inaonyesha ama haionyeshi.

Mama Zawadi wa Mwanga: Fundi hapo kwenye haionyeshi ndo penyewe sasa. Chenga angalau mtu unaona mpira unaenda upande gani. Hii mvua ikitaka tu kunyesha inaganda. Mi niliangalia penati kipa kaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba, mtangazaji kimya, nikasikia kelele kibanda umiza cha jirani ndo nikajua tumefungwa. Na mvua ilikuwa haijaanza hata!

Embe la Kanyenye: Mwangaluka wandugu, salamu toka Tabora. Mnalaumu kama vile Tanzania iliamka asubuhi ikaamua. Nchi zilikubaliana Geneva 2006, mwisho wa analojia ukawekwa 17 Juni 2015, sisi tukawahi, Dar ikazimwa 31 Desemba 2012 halafu mikoa ikafuata kwa awamu. Kenya walipelekana mahakamani weee, Februari 2015 stesheni zao kubwa zikawa giza. Sababu ni masafa, zile njia za hewani matangazo yanapopita. Analojia chaneli moja inakalia nafasi peke yake, dijitali nafasi hiyohiyo wanakaa hata kumi, inayobaki wanapewa watu wa simu, ndo yale masafa ya megahezi 700 yaliyopigwa mnada 2018. Kwahiyo hiyo intaneti unayotumia kulalamika humu imeongezewa nafasi na hiyo dijitali unayoilalamikia. Ila nawaelewa, watu wa mwisho wa reli kila kitu kinawafikia kimeshapoa.

Mgebuka Mkavu: We Embe umeandika vizuri mpaka ukaharibu mwishoni. Mwisho wa reli ni kwa anaetokea Dar. Sisi tukisimama pale stesheni reli inaanzia miguuni kwetu. Na bila Ziwa Tanganyika mjerumani angeileta hiyo reli Tabora kufata nini, maembe?

Embe la Kanyenye: Hahaha kimeuma. Reli ilifika Tabora 1912, nyie mkabaki mnasikia honi kwenye ndoto.

Mtoto wa Ujiji: Miaka miwili tu bana, 1914 ilikuwa Kigoma. Na kabla ya reli misafara yote ilikuwa inatafuta Ujiji. Livingstone alikutwa wapi 1871, Tabora?

Embe la Kanyenye: Alikutwa kwenu, alipopata nafuu akakimbilia kwetu Kwihara. Nyumba ilijengwa upya, ipo mpaka leo. Mgonjwa akipona anajua pa kwenda.

Mtoto wa Ujiji: Khaa! Huyu anatafuta vita.

Mama Zawadi wa Mwanga: Jamani tulikuwa kwenye tivi. Mi linaloniuma ni la 2018, mwezi wa 8. Nina dishi nalipia kila mwezi, nawasha nisikilize habari, zile chaneli zetu za bure hazipo. Nimekosa nini mimi?

Fundi wa Gungu: Hujakosa mama. TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, walisema wakati ule leseni za yale madishi zilikuwa za kulipia, chaneli za bure hazikutakiwa kuuzwa humo, ukazitafute kwenye king'amuzi cha antena.

Mama Zawadi wa Mwanga: Yani nisiuziwe cha bure, kwahiyo nikanunue boksi jingine nione cha bure. Umejisikia ulivyoongea lakini fundi?

Mtoto wa Ujiji: Mama Zawadi kumbe una dishi na king'amuzi juu, alafu unalia na sie wa chogo. Mwanga mna hela nyie.

Mama Zawadi wa Mwanga: Hela gani wewe mtoto, nakaanga migebuka mpaka saa nne usiku macho yamekuwa mekundu, na dishi lenyewe alininunulia mwanangu. Usinizoee.

Mtoto wa Ujiji: Nisamehe mama, shikamoo.

Embe la Kanyenye: Na mjue mabehewa yenu mnavyoyafanya. Mi nimesafiri kutoka Uvinza juu kuna dumu la mawese linavuja tone moja moja kwenye shati jeupe, naamka Urambo mtu mzima nimekuwa kama andazi. Mwenye dumu namuuliza ananiambia "pole, halina madhara". Shati lile mpaka leo napigia deki.

Mgebuka Mkavu: Si ungehama kiti? Na mkifika Tabora ndo mnashusha magunia ya matobolwa, viazi vyenu vikavu, treni inasimama masaa, hilo husemi.

Embe la Kanyenye: Inasimama sababu pale ndo inagawanyika, ya Mwanza, ya Mpanda, ya kwenu. Tabora ndo king'amuzi chenyewe, nyie ni chaneli.

Fundi wa Gungu: Hahahaha hapo Mgebuka kubali tu. Ila nirudi kwenye vile vitatu vya bi mkubwa. Vilikufa miaka ile ya umeme wa majenereta? Vingi nilivyoletewa havikuuliwa na dijitali, umeme ulikuwa ukikata ukirudi unarudi kwa hasira. Ukifungua unakuta kakapasita kamoja kamevimba kichwani kama maandazi ya Embe.

Mgebuka Mkavu: Sijui, kimoja kinawasha taa nyekundu tu. Kwahiyo vinapona?

Mtoto wa Ujiji: We Embe, hiyo nyumba ya Kwihara kiingilio shingapi?

Mgebuka Mkavu: Fundi, vinapona au nitupe?

Embe la Kanyenye: Njoo nitakupeleka. Ila ubebe dagaa. Uwafunge vizuri.

Fundi wa Gungu: Lete hicho chenye taa. Na rimoti yake, sio uje na ya tivi.