Injinia wa barabara nataka kuhamia maji, naanzia wapi?

kifusi_G15: Habari wakuu. Mimi ni injinia wa civil, ERB (bodi ya usajili wa wahandisi Tanzania) wamenisajili PE, yaani injinia mtaalamu, na tangu nimalize SEAP (mafunzo ya kazini baada ya chuo) kazi yangu ni barabara tu, vipimo vya CBR vya uimara wa udongo, kushindilia kifusi, lami, kubishana na kontrakta. Sasa nataka kuhamia miradi ya maji vijijini. Mradi wa barabara ukiisha unakaa benchi hujui lini utaitwa, halafu kuna kitu kinaniuma sana, yale mashimo tunayochimba kifusi mvua ikinyesha kina mama wanakuja kuchota maji humohumo na sisi tunapita na magari. Je usajili wangu unaniruhusu au mpaka nirudi chuo? Na umri huu nitaanza upya chini ya vijana?

Mama Tanki: Karibu sana kaka. Usajili wako ni wa civil, si wa barabara peke yake, kwa hiyo kisheria hufungwi. Ila maadili yetu yanakataa kugonga muhuri kazi usiyoimudu, na hapo usijidanganye. Hidrolojia ya makalvati unaijua, BOQ (orodha ya kazi na gharama) unaijua, mikataba unaijua, hivyo huanzi sifuri. Usichokijua ni presha. Niliitwa kuangalia mradi mmoja wa mserereko, maji yanashuka yenyewe bila pampu, tanki liko mlimani, kijiji kiko mita 130 chini, wametandika bomba la plastiki la HDPE la daraja la presha PN10 mwanzo mwisho. Mchana watu wanachota mambo shwari, usiku koki zote zikifungwa bomba linapasuka bondeni, kwa sababu PN10 mwisho wake ni kama mita 100 za maji. Palitakiwa PN16 kule chini au tanki la kukata presha katikati, basi. Aliyechora alikuwa injinia mzuri tu, wa majengo.

dumpy_level: Mama Tanki kamaliza. Mimi naongezea, masters sio lazima kwanza, shusha EPANET, programu ya kukokotoa maji kwenye mabomba, ni ya bure, omba michoro ya mradi uliokwisha jengwa, uuingize wote mwenyewe halafu nenda site na geji ya presha upime kama namba zinakubaliana. Pia soma sera ya maji, ile ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, watu 250 kwa koki moja, ukikosea idadi ya watu hapo umekosea bomba lote.

kifusi_G15: Asanteni sana. Na suala la cheo?

Mama Tanki: Mshahara unaweza kushuka mwanzoni, ongea na shemeji mapema. Tafuta konsalta anayefanya barabara na maji pamoja, uingie kwa barabara ukae karibu na timu ya maji, michoro yako mwaka wa kwanza mwenye uzoefu aipitie kabla hujasaini. Hao vijana wanajua softiwea wewe unajua site, mtafundishana. Na tangu RUWASA (wakala wa maji vijijini) ianze 2019 skimu zinaendeshwa na vyombo vya maji vya jamii (CBWSO), hivyo kabla ya yote kaa na fundi wa chombo hicho mzunguke naye kwenye laini siku nzima, muulize bomba linapasukia wapi na saa ngapi.