Mrejesho: betri ya gari la spoti linaloshinda limeegeshwa

Wakuu, niliuliza ninunue betri gani, maana kila nikitaka kutoka na gari nakuta imekufa. Asanteni kwa majibu.

Nilianza na ule ushauri wa kupima umeme unaoliwa gari likiwa limefungwa. Multimita ilitulia kwenye miliampia 50, kitu cha kawaida kwa gari lenye alamu na kompyuta. Ila piga hesabu: ni ampia-saa 1.2 kwa siku, kwa hiyo betri ya ampia-saa 60 inafika nusu kwa siku 25 hivi. Betri ya watu ilisingiziwa bure!

Nimechukua AGM, yaani betri ya risasi iliyofungwa, ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo. Lithiamu ni nyepesi na inatamanisha, ila haitaki kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, na bei yake acha tu. Kwa kuwa betri inakaa kwenye buti, nilihakikisha kimpira cha kutolea gesi kimechomekwa.

Sasa inashinda kwenye chaja ndogo inayojirekebisha yenyewe, niliyoiseti kwenye hali ya kuchaji AGM. Nikichomoa chaja, betri ikilala hivyo, asubuhi inasoma volti 12.8.

Mkuu uliyesema niwashe injini dakika kumi inatosha, hapo sikubaliani nawe: betri haijai, na unyevu unabaki kwenye egzosi.