Fidia za ajali za magari Marekani: kiasi kikadiriwe na jopo la raia, au kazi hiyo apewe jaji?

Mleta mada

Ndugu zangu, mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Texas ilitengua hukumu ya mwaka 2018, ambapo jopo la raia (jury, yaani watu wa kawaida wanaoitwa mahakamani kusikiliza kesi na kuiamua) mjini Houston lilikuwa limeitaka kampuni ya malori ya Werner iilipe familia moja karibu dola milioni 90. Ajali yenyewe ilitokea Desemba 2014 karibu na mji wa Odessa, barabara ikiwa na barafu: pikapu ya familia hiyo iliteleza, ikavuka ukanda unaotenganisha njia za kwenda na za kurudi, ikaingia mbele ya lori ambalo halikuwa limetoka kwenye njia yake. Mtoto wa miaka 7 alifariki, na dada yake wa miaka 12 akapooza mikono na miguu. Jopo liliona kwamba dereva wa lori, aliyekuwa bado mafunzoni, alikwenda kwa kasi isiyofaa katika hali ile, likaibebesha kampuni asilimia 70 ya lawama, dereva wake asilimia 14, na aliyeendesha pikapu asilimia 16. Majaji wa juu walisema chanzo cha madhara kilikuwa pikapu kuvuka upande wa pili, na familia ikaambulia patupu.

Sina ugomvi na wanajopo, kwa kuwa mtu akimwona binti aliyepooza akaletwa mbele yake asiguswe, huyo nitamshangaa. Hoja yangu ni kwamba nani alikuwa mzembe barabarani ni swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kushika usukani anaweza kulijibu, lakini maumivu yana thamani ya dola ngapi ni swali ambalo wanajopo hawapewi kipimo cha kulijibu, na mahali pasipo na kipimo wakili huleta cha kwake. Katika kesi nyingine ya Texas, iliyotokana na magari kugongana kwenye barafu na kutolewa uamuzi na Mahakama ya Juu mwaka 2023, wakili wa wafiwa aliwatajia wanajopo bei ya ndege ya kivita, dola milioni 71, na bei ya mchoro wa Rothko, mchoraji maarufu wa Marekani, dola milioni 186, kisha akawaomba wafikirie senti mbili kwa kila maili iliyosafiriwa na malori ya mdaiwa. Mahakama iliamuru shauri lisikilizwe upya.

Uingereza ilikwishaachana na utaratibu huo: tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwaka 1965, madai ya majeraha ya mwili husikilizwa na jaji peke yake isipokuwa kwa sababu za pekee sana. Napendekeza jopo la Marekani libaki na swali la kosa, na jaji akadirie fidia ya maumivu kwa kuandika sababu zake.

Mchangiaji kutoka Minneapolis

Mleta mada, kwa heshima zote, umechagua kesi zinazokufaa. Chukua ile ya kahawa ya McDonald's, ambayo watu huitaja kwa kicheko. Mwaka 1992 mjini Albuquerque bibi wa miaka 79, akiwa abiria katika gari lililosimama, alimwagikiwa na kahawa ya joto la nyuzi za Selsiasi 80 na zaidi, akaungua kiasi cha kupandikizwa ngozi. Aliomba kama dola 20,000 za matibabu na gharama zake. Kampuni ikampa dola 800. Ilipofika mahakamani ilibainika kwamba kampuni ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 700 ya watu kuungua. Jopo lilimpa dola 200,000, likamkata asilimia 20 kwa uzembe wake mwenyewe, kisha likaongeza dola milioni 2.7 za adhabu kwa kampuni. Watu wanaokata asilimia 20 ya fidia ya bibi aliyeungua si watu walioendeshwa na machozi.

Wala kiasi hicho hakikubaki. Jaji alishusha ile ya adhabu hadi dola 480,000, kama alivyofanya jaji wa California katika kesi ya gari la Ford Pinto, lililoshika moto baada ya kugongwa kwa nyuma, mwaka 1978, ambapo dola milioni 125 za adhabu zilishuka hadi milioni 3.5. Breki unayoidai imekuwepo muda wote.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Kwetu Kenya hakuna jopo katika madai haya. Hakimu husoma ripoti ya daktari, hutazama mahakama zilitoa kiasi gani kwa majeraha yanayofanana, huzingatia kupanda kwa gharama za maisha, kisha huandika kiasi. Wakili anaweza kumwambia mteja aliyevunjika paja atarajie nini. Kasoro iko kwingine: sheria ya bima ya magari inaiwekea kampuni ya bima kikomo cha shilingi milioni 3 kwa dai moja, na kinachozidi hapo majeruhi anapaswa kumfuata mwenye matatu, ambaye mara nyingi hana cha kukamatwa.

Mchangiaji kutoka Dallas

Mimi ni dereva wa lori. Ninapokata bima, bei ninayotajiwa imeshahesabu hukumu hizo kubwa, hata kama sijawahi kugonga mtu.

Mleta mada

Ndugu wa Minneapolis, breki hiyo ndiyo inayonipa hoja. Ikiwa jaji anaweza kushusha milioni 125 hadi milioni 3.5, basi aliyekadiria mwishoni ni yeye, isipokuwa kazi yake ilianza baada ya takwimu ya kwanza kutangazwa dunia nzima, huku majeruhi akiongezewa miaka ya rufaa. Familia ya Odessa ilisubiri miaka saba tangu hukumu hadi kuambiwa haina chake.

Mchangiaji kutoka Minneapolis

Familia ile haikuponzwa na kiasi. Ilishindwa kwenye swali la nani alisababisha, ambalo wewe mwenyewe unataka libaki kwa jopo, kwa hiyo pendekezo lako lisingewasaidia hata kidogo. Halafu kumbuka kwamba majaji wa Texas huchaguliwa kwa kura kwa tiketi ya chama, na kampeni zao huchangiwa fedha na mawakili na wenye biashara ambao kesho watasimama mbele yao. Mwanajopo huitwa kwa bahati nasibu, hukaa siku chache, hurudi kazini kwake. Kabla hatujamkabidhi jaji kalamu, tueleze huyo jaji wako atapatikanaje.