Mapigo yanaachana na ngoma

Kijana wa Bagamoyo: Wakuu, natengeneza gemu ya mapigano yenye hadithi. Muziki ni ngoma, midundo 120 kwa dakika. Mwanzoni sawa, baadaye mapigo ya mapanga yanaachana na ngoma. Shida nini?

fundi_sauti: Unahesabu muda kwa fremu, yaani picha za gemu zinazopita kwenye skrini. Simu ikilemewa fremu zinapungua, ila sauti haisubiri. Soma saa ya sauti yenyewe. Kwenye Unity, programu ya kutengenezea gemu, saa hiyo ni dspTime. Mdundo mmoja ni milisekunde 500: kitufe kikibonyezwa ndani ya milisekunde 80 kabla au baada ya mdundo, mpe mchezaji alama. Akikosea usimnyime pigo, lisogeze litue kwenye mdundo. Gemu ya Hi-Fi Rush ya 2023 hufanya hivyo.

Mtanga: Spika za bluetooth huchelewesha sauti, weka sehemu ya kurekebisha. Na wahusika wakiongea usizime ngoma yote, bakiza msondo tu, ile ngoma ndefu.