Mahojiano ya dakika 47: nianze kuhariri video au makala?

Bandarini
Wakuu, salaam. Nina mahojiano ya dakika 47 na mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi. Picha ni ya simu, sauti ni ya kinasa kilichokuwa mezani. Yanatakiwa yatoke mara mbili: video ya dakika 6 na makala ya maneno 800. Nianze na ipi? Halafu mwanzoni sauti inafuata midomo vizuri, ila kufika dakika ya 30 vimeshaachana. Tatizo ni nini?

Fremu25
Tuanze na la sauti, maana usipolitatua kazi yote itaharibika. Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde. Unaweza kuandikiwa 30 kumbe inapanda na kushuka kadiri mwanga na joto la simu linavyobadilika. Kinasa kinakwenda kwa mwendo wake. Pitisha faili la picha kwenye HandBrake (programu ya kubadilisha faili za video), chagua 30 isiyobadilika (usiipeleke 25 kama simu ilirekodi 30, mwendo utakwaruza), ndipo uilinganishe na sauti. Usikate chochote kabla ya hapo.

Kwenye kukata, ukitoa sentensi katikati, kichwa cha mzungumzaji kitaruka. Funika mruko kwa picha za nyavu, mnada, mikono yake. Kama ulirekodi 4K (picha kubwa) na unatoa 1080 (picha ndogo zaidi), una nafasi nyingine: kuza kipande cha pili hadi asilimia 125 hivi. Ukikuza kwa asilimia 5 tu mtazamaji ataona kosa, hataona uamuzi. Acha sauti ya kipande kinachofuata itangulie picha yake kwa fremu 10 hadi 15, na kwenye kila kiungo cha sauti weka mfifio (sauti ipungue na kupanda taratibu) wa fremu 2 ili isitoe mlio wa "tap". Kati ya maneno usiache ukimya mtupu. Tandika sekunde chache za sauti ya chumba kile kile kikiwa kimya.

Prufu_ya_Tatu
Anza na maandishi, hata kwa video. Nakili mazungumzo yote neno kwa neno, weka muda kila aya, kisha chagua kwenye karatasi. Kutafuta sentensi kwa kuburuta picha mbele na nyuma ni kupoteza siku. Toleo la kwanza liwe dakika 12 hivi, la pili 8, ndipo 6. Ukirukia 6 moja kwa moja utabakiza sentensi tamu na kutupa zile zinazozifanya zieleweke.

Kiswahili kina mitego yake hapa. Kiima kimo ndani ya kitenzi: ukiliondoa swali "Kile kivuko cha zamani kiko wapi?", jibu "Kilizama" linabaki yatima. Kwenye makala utaweka [kivuko] katika mabano. Kwenye video itabidi uandike swali kwenye skrini. Hatari zaidi ni ukanushi, kwa sababu umebebwa na silabi moja. Kata fremu mbili mapema na "hazikuletwa" inaanza kusikika "zikuletwa". Na mtu akisema "Sisemi kwamba walikula hizo fedha, ila hesabu hazikuletwa", kuanzia "walikula" ni kumsingizia, hata kama kila neno ni lake. Kwa kifupi: kigugumizi na marudio toa, masharti na ukanushi usiguse.

Bandarini
Shukrani. Na makala je? Mhariri wetu anataka "chombo" kiwe "boti" na "ada" iwe "tozo" kote. Nitumie kutafuta na kubadilisha?

Prufu_ya_Tatu
Usibonyeze "badilisha zote" hata siku moja. "Chombo hicho kilichonunuliwa" itakuwa "boti hicho kilichonunuliwa", na ngeli zote za aya nzima zimekufa. "Ada" ni balaa zaidi, kwani imo ndani ya "baada" na "madarasa". Utapata "batozo" na "mtozorasa". Washa ufuatiliaji wa mabadiliko, pitia moja moja. Ila ndani ya nukuu acha neno alilotumia mwenyekiti, mhariri apende asipende.

Mpangilio: kwanza hoja na mpangilio wa aya, pili lugha, mwisho prufu (usomaji wa mwisho wa kusaka makosa madogo). Usisahihishe nukta kwenye aya ambayo huenda ukaifuta. Prufu isome kwenye karatasi, na vichwa vya habari na maelezo ya picha yasome peke yake. Makosa hupenda kujificha huko kwa sababu kila mtu hudhani mwenzake ameshasoma.

Fremu25
Nyongeza: takwimu yoyote ikirekebishwa kwenye makala, irekebishe na kwenye maandishi ya skrini siku hiyo hiyo. Na rekodi ghafi ya dakika 47 usiifute. Mwenyekiti akilalamika kuwa amekatwa vibaya, ndiyo ushahidi pekee ulio nao.