Dakika 40 kupachika mlango mmoja! Hizi programu za kujenga dunia za VR (zile dunia za kompyuta unazoingia kwa kuvaa miwani) nani anazijaribu kabla ya kutuuzia?

Wakuu, niacheni niteme nyongo, maana nikiendelea kuimeza itanikaba.

Jana nilikuwa ndani ya miwani najenga ukumbi. Kuta zimesimama, paa lipo, umebaki mlango. Mlango mmoja tu. Nimesimama katikati, ukuta uko kama mita 10 mbele yangu. Nanyoosha mwale wa rimoti, ule mstari wa mwanga wa kuigiza unaotoka kwenye rimoti ya mkononi, naukamata mlango, naupeleka taratibu hadi kwenye uwazi wake. Umekaa! Naachia kitufe... umeruka, nusu imezama ukutani. Narudia. Umeruka tena, safari hii umelala upande kama mlevi. Dakika 40. Kwa kipanya na skrini ya kawaida, kazi hiyo huwa naimaliza kabla sijapepesa macho.

Na kabla hajatokea mjuaji wa kuniambia mkono wangu unatetemeka, tupige hesabu. Mkono ukiyumba nyuzi 1 tu, ncha ya mwale kule mita 10 inahama karibu sentimita 17. Nionyesheni binadamu ambaye mkono wake ukiwa hewani hauyumbi nyuzi 1. Halafu ukibonyeza au kuachia kitufe, kidole chenyewe kinaisukuma rimoti. Hili si jipya, watafiti walishalipa hadi jina, athari ya Heisenberg, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Programu ingeweza tu kukumbuka mkono ulikuwa wapi punde kabla kitufe hakijaachiwa, ikauacha mlango pale pale. Basi. Hawakufanya.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa za ugonjwa huu ni za zamani kuliko baadhi yenu humu. Mwaka 1995 Stoakley, Conway na Pausch walishaonyesha namna ya kushika mfano mdogo wa dunia yako mkononi: unasogeza kiti kwenye mfano, na kile kikubwa kinasogea vilevile. Mwaka 1996 Poupyrev na wenzake wakaleta Go-Go, mkono wa bandia ndani ya miwani unaofanya kazi kama kawaida karibu na mwili, ila ukiunyoosha zaidi unarefuka hadi kukifikia kitu cha mbali. Mwaka uliofuata Bowman na Hodges wakaja na HOMER: mwale wa kuchagulia tu, ukishakamata, mkono wako wa bandia unahamia kwenye kitu chenyewe na unakigeuza kama umekishika. Mwaka 2005 Frees na Kessler wakatoa PRISM: ukienda polepole, kitu kinasogea kidogo kuliko mkono, ukienda haraka kinakufuata sawia. Yaani programu inatambua kwamba sasa fundi anapima, imtulizie. Hiyo PRISM peke yake ingeniokolea jana yangu yote.

Sisi tumepewa nini? Mwale. Mwale mtupu, mrefu, unaotikisika kama fimbo ya kuvulia samaki.

Eti kuna njia ya kukuza dunia: unashika hewa kwa mikono miwili, unavuta, ukumbi unakua. Wazo zuri sana. Ila hawajaizuia dunia isigeuke wakati unaikuza, kwa hiyo mkono mmoja ukipanda kidogo kuliko mwingine, sakafu nzima inainama. Mara ya tatu tumbo likanigeuka, nikavua miwani nikakaa chini nikiwa nimeshika kichwa. Kubonyeza Tendua, kitufe cha kufuta hatua ya mwisho, nako ni mchezo wa pata potea, maana programu inahesabu hata nilipohama kutoka kona moja hadi nyingine kuwa ni hatua. Nataka kurudisha mlango, narudishwa mimi.

Gridi ya kunasia vitu, ile mistari inayokivuta kitu kikae sawa chenyewe, ipo, lakini imefichwa ndani ya menyu tatu, na kila menyu unaifungua mkono ukiwa juu. Nusu saa bega linawaka moto. Kuandika kipimo je? Unadonoa tarakimu mojamoja kwa mwale ule ule unaotikisika. Nilitaka mlango wa mita 2.10, nikapata 22.0. Mlango ukatoboa paa.

Nikawaandikia watengenezaji. Jibu: tuvumilie, sasisho lijalo litaondoa rimoti kabisa, tutajenga kwa vidole vitupu! Jamani! Bila kitufe, kuachia kitu ni kufungua vidole, na kufungua vidole ndiko kunakohamisha ncha kuliko hata kitufe. Mgonjwa analia jino, wao wanamnyoa.

Mwenye kujua programu yenye hata kimoja kati ya hivi, mfano mdogo wa mkononi au mwendo unaopungua ukitaka usahihi, aitaje hapa. Wale wa "fanya mazoezi utazoea", pita kimya kimya. Mlango bado uko juu ya paa.