Maswali ya kufanya maamuzi kwenye mtihani wa aptitudi (ule wa kupima uwezo wa kufikiri) yananishinda, naombeni msaada

Nuru_wa_Kigoma
Habari za jioni wakuu. Nimeitwa usaili wa mchujo nafasi ya afisa mikopo, zimebaki wiki mbili na siku kidogo. Hesabu za asilimia naziweza, kiingereza naenda nacho, ila haya maswali ya kufanya maamuzi yananitoa jasho, na mwezi wa pili niliyakuta sehemu nyingine nikatoka najiamini kabisa, majina yalivyobandikwa simo. Naweka moja la mazoezi mnisaidie.

Masharti ya mkopo: (1) mwombaji awe na miaka 25 hadi 50 ilipofika tarehe 1 Julai 2025. (2) Awe kwa mwajiri wake wa sasa si chini ya miaka 2. (3) Anachopokea mkononi kisipungue 700,000 kwa mwezi. (4) Awe na mdhamini mwenye ajira ya kudumu. Isipokuwa: aliyekosa sharti la 2 tu, lakini jumla ya miaka yake kazini ni 5 na zaidi, apelekwe kwa meneja wa tawi. Aliyekosa la 4 tu, lakini ana hati ya kiwanja, apelekwe kamati ya mikopo.

Mwombaji ni dada aliyezaliwa 3 Julai 2000, yupo kwa mwajiri wa sasa mwaka mmoja na nusu, kabla ya hapo alifanya kazi duka la vifaa vya ujenzi miaka 4, mkononi anapata 820,000, mdhamini ni nesi wa kudumu hospitali ya wilaya. A apewe, B akataliwe, C kwa meneja, D kwa kamati, E taarifa hazitoshi.

Mimi nilijibu C. Kitabu kinasema B. Nimelirudia mara tatu sioni kosa langu liko wapi.

Mzee_wa_Kalamu
Dada Nuru angalia tarehe tena. Wewe umetoa 2000 kwenye 2025 ukapata 25 ukapita. Huyu binti tarehe 1 Julai 2025 alikuwa bado ana miaka 24, zimebaki siku mbili atimize 25. Sharti la kwanza kalikosa na sharti la kwanza halina isipokuwa yoyote, kwahiyo hata ile habari ya meneja haimhusu tena, maana meneja anapelekewa aliyekosa la 2 TU. Hilo neno "tu" ndo limebeba swali zima.

Nimesaidia vijana wengi kwenye haya mambo na karibu wote wanaanguka hapohapo, wakiona isipokuwa inafanana na mtu wao wanairukia, hawarudi kukagua masharti mengine. Fanya hivi, chukua karatasi ya rafu andika 1 2 3 4 kwa mstari, soma habari za mwombaji sentensi moja moja, kila sentensi uweke tiki au kosa chini ya namba yake. Ambapo hajasema kitu weka alama ya kuuliza, usijaze wewe. Ukimaliza ndo uangalie isipokuwa. Kwa huyu binti ungepata kosa, kosa, tiki, tiki. Makosa mawili, hakuna mlango wa meneja.

Jaribu na huyu, masharti yaleyale: bwana wa miaka 41, yupo kwa mwajiri wake miaka 9, mkononi 1,150,000, ana hati ya kiwanja kwa jina lake na ana mkopo mwingine saccos ya kazini kwao. Jibu lipi?

Bint_Mwera
Mimi sikubaliani na haya maswali jamani, yani binti wa watu ana kazi, ana mdhamini, kakosa siku mbili tu unamkataa? Afisa mwenye akili timamu angetafuta njia. Wanatupima tuwe mashine alafu wakishatuajiri wanataka tuwe wabunifu.

Dirisha_la_Mikopo
Dada Mwera nakuelewa na nisingependa uondoke hapa ukidhani ni roho mbaya. Nimekaa dirisha la mikopo saccos miaka 11. Siku ya kwanza unamsogezea mtu siku mbili kwa sababu umemuonea huruma, wiki inayofuata anakuja mwingine amepungukiwa wiki mbili, huyu humjui, amevaa ndala, umechoka, unamwambia rudi mwakani. Sasa hapo nani kapata haki? Yule uliyempenda sura. Nimeyaona kwa macho yangu, tena wanaoumia siku zote ni wale wasio na mtu wa kuwasemea. Sharti likiandikwa linamlinda huyo wa ndala. Ndo maana mtihani unataka kujua kama unaweza kufuata sharti hata pale moyo wako unapovuta kwingine. Kama sharti ni baya lina mahali pake pa kubadilishwa, kwenye mkutano mkuu wa wanachama, si dirishani.

Na Nuru kuna maswali ya aina ya pili, ya hali za kazini, mfano mteja anapiga kelele kaunta kuwa pesa yake imekatwa kimakosa na foleni ni ndefu. Watakupa: umwambie asubiri nje, umwite bosi, umrudishie pesa hapohapo atulie, au umsikilize uangalie taarifa ya akaunti yake mbele yake. Wengi wanachagua bosi wakidhani ndo heshima. Angalia kwanza lile jambo lipo ndani ya uwezo wako au limekuzidi. Kuangalia akaunti ni kazi yako, ianze wewe. Kurudisha pesa kabla hujakagua umevuka mpaka wako. Bosi anaitwa ukishakuta tatizo na mamlaka ya kulimaliza huna.

Mama_Leicester
Nimepita tu ila hili limenigusa maana mwanangu huku Uingereza anajiandaa na UCAT, ule mtihani wa wanaotaka kusoma udaktari, nao una sehemu nzima ya maamuzi. Tangu 2025 ni maswali 35 kwa dakika 37, zamani yalikuwa 29 kwa dakika 31, yani kila swali kama dakika moja hivi. Kuna yale wanakupa maelezo alafu kauli tano unajibu ndiyo au hapana, ukipata zote pointi mbili, ukipata baadhi unaambulia moja.

Kilichokuwa kinamsumbua ni kugeuza sentensi. Nikamwekea kwa kiswahili: mama ntilie wote wa stendi hii wanauza wali. Halima anauza wali stendi hii. Je Halima ni mama ntilie? Akasema ndiyo. Nikamwambia Halima ana duka, anauza wali mbichi wa kilo... akaniambia mama huo ni mchele! Tukabishana, mwisho nikampa Halima wa hotelini, ana hoteli yake hapohapo stendi na anauza wali uliopikwa, akanyamaza, akaelewa. Wote wa huku wako kule, haina maana wote wa kule wako huku. Jichoree miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine, utaona.

Nuru_wa_Kigoma
Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimefanya la yule bwana kwa karatasi. La 1 tiki, la 2 tiki, la 3 tiki, la 4 hana mdhamini ila ana hati, kwahiyo D kwa kamati. Ila huo mkopo wa saccos unanichanganya, si tunajua mtumishi lazima abaki na theluthi moja ya mshahara baada ya makato? Nikawaza au ni B.

Mzee_wa_Kalamu
Theluthi moja unaijua wewe kutoka kazini, kwenye masharti uliyopewa ipo wapi? Haipo. Mkopo wa saccos umewekwa pale ili uuwazie, uache. Ukienda kazini utaitumia, kwenye swali hili haikuhusu.

Sasa rudi la 4. Umesema hana mdhamini. Nani kakwambia hana?

Nuru_wa_Kigoma
Hawajasema kabisa... nimeona hati nikajua moja kwa moja hana mdhamini. Kumbe anaweza kuwa navyo vyote viwili. Akiwa na mdhamini anapewa, asipokuwa naye anaenda kamati. Basi ni E.

Mzee_wa_Kalamu
E. Na ile alama ya kuuliza ungeiweka pale chini ya 4 ungeliona kwa sekunde kumi. Kesho jioni nakuwekea mengine matano, fanya kwa saa, dakika moja na nusu kila moja, uniletee na rafu yako niione, sio majibu peke yake.